Pakiti ya mbegu za nyanya usiitupe kabla hujavuna

Mvua zikikaribia, meza ya malalamiko ya mbegu, tunayoishika sisi wakaguzi wa mbegu, huwa haikauki watu. Zamani waliotujia walikuwa wakulima wa ekari mbili tatu. Siku hizi wengi ni watu wa mjini wanaopanda nyanya kwenye ndoo, viroba na matairi, barazani au juu ya zege. Ni jambo jema na tunaliunga mkono. Ila karibu wote wanakuja na neno moja, "mbegu feki", na karibu wote hawana pakiti.

Kuna mama alikuja na ndoo ya lita kumi aliyoipakata kwenye daladala kutoka Mbagala, kaifunika khanga.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nimewaletea mbegu zenu hizi. Wiki ya pili hii hazijatoka, nimeibiwa."

Nilichukua mfuniko wa kalamu nikafukua taratibu. Urefu wa kidole kizima kwenda chini nikaikuta ya kwanza: imepasuka, imetoa mkia mweupe, mkia umejikunja kama ndoano na ncha imeanza kuoza. Ya pili vilevile. Mbegu zilikuwa hai, zilizikwa tu. Gramu moja ya mbegu za nyanya ina punje kama 300. Piga hesabu mwenyewe kila punje imebeba akiba kiasi gani ya kuisukuma juu. Sentimita moja inatosha. Nikamwuliza pakiti iko wapi.

"Nilitupa. Ilikuwa ya nini tena?"

Hapo ndipo kazi yangu inapoishia, na ndiyo sababu ya makala haya. Bila pakiti sijui aina, sijui namba ya loti, yaani fungu la mbegu zilizopimwa pamoja, sijui nani aliifungasha wala lini ilipimwa. Hata kama mama yule angekuwa kaibiwa kweli, nisingekuwa na pa kuanzia.

Mambo ya kuchanganya udongo, samadi iliyooza na mchanga, na kutoboa matundu chini ya ndoo, sitayarudia. Maafisa ugani wameyasema vya kutosha. Nianze na pakiti yenyewe.

Kwa Tanzania, mbegu inayouzwa kihalali lazima iwe imepita mikononi mwa Taasisi ya Kudhibiti Ubora wa Mbegu, TOSCI, yenye makao makuu Morogoro, kwa mujibu wa Sheria ya Mbegu ya mwaka 2003 na marekebisho yake ya 2014. Tafuta lebo yenye namba zilizofichwa. Unaikwangua kama vocha ya simu, unafuata maelekezo yaliyoandikwa hapo hapo, jibu linarudi kwenye simu yako. Ikwangue ukiwa bado dukani. Watu wanakwangua wakiwa nyumbani, siku ya tatu baada ya kupanda, halafu wanashangaa muuzaji hawakumbuki.

Ukishathibitisha, soma jina la aina, namba ya loti, asilimia ya uotaji, tarehe ya mwisho wa matumizi, na kama mbegu imepakwa dawa. Asilimia ya uotaji huwa haieleweki. Ikiandikwa 85, maana yake katika mbegu mia, kumi na tano kutoota si wizi. Kuna mtu aliniletea malalamiko ya mbegu mbili. Mbili! Kapanda kumi, zimeota nane.

Usinunue kwa kijiko. Najua inafanyika: kopo linafunguliwa dukani, mbegu zinapimwa kwa kijiko cha chai na kufungwa kwenye kipande cha nailoni. Mnunuzi anaona kapata nafuu kwa sababu ndoo zake ni nne tu. Kopo likishafunguliwa, unyevu wa hewa ya Pwani unaingia, na lebo inabaki kwenye kopo la muuzaji. Ulichobeba hakina jina wala tarehe. Tafuta pakiti ndogo kabisa iliyofungwa kiwandani, au shirikianeni majirani watatu mnunue moja.

Sasa utaratibu wa malalamiko, nao naomba usomwe polepole.

Kwanza, usipande mbegu zote. Bakiza angalau theluthi ndani ya pakiti, ikunje mdomo, iweke pakavu penye kivuli. Pili, hifadhi risiti pamoja na pakiti. Tatu, andika tarehe uliyopanda. Nyuma ya pakiti patatosha. Nne, subiri siku 14. Siku hizo hazikutoka hewani: katika maabara, kwa kanuni za kimataifa za upimaji wa mbegu, uotaji wa nyanya huhesabiwa mara ya kwanza siku ya 5 na mara ya mwisho siku ya 14. Mwenye kuja siku ya sita tunamrudisha, na wala asituone wakali.

Zikipita siku 14 na hali si nzuri, nenda kwa afisa kilimo wa kata yako au moja kwa moja kwa mkaguzi wa mbegu. Mkaguzi ataangalia pakiti, kisha atakwenda dukani kutafuta mbegu za loti ileile ambazo hazijafunguliwa. Anachukua sampuli mbele ya muuzaji, inafungwa, inaandikwa na kusainiwa. Maabara inaotesha mbegu 400, mia mia mara nne, ili bahati mbaya ya kundi moja isimhukumu mtu. Mbegu zako zilizobaki kwenye pakiti zinatusaidia kuona tunakoelekea, lakini kwa kuwa pakiti imeshafunguliwa hazitoshi peke yake kumtia mtu hatiani. Wengi hukasirika wakisikia hivyo. Fikiria wewe ndiye muuzaji, na mteja amekaa na pakiti yako jikoni karibu na mvuke wa sufuria mwezi mzima.

Loti ikibainika kuwa mbovu, mauzo yake yanasimamishwa. Muuzaji au mfungashaji anaweza kushtakiwa, na adhabu mahakamani ni faini, kifungo, au vyote viwili. Kuuza mbegu bila kusajiliwa ni kosa. Kubandika lebo ya loti moja kwenye mbegu za loti nyingine ni kosa. Kumzuia mkaguzi asifanye kazi yake ni kosa, hata kama mbegu zako ni nzima. Wapo wanaofunga duka wakituona na kwenda kuswali saa nne asubuhi. Fidia ya mteja ni jambo jingine. Mkaguzi hakulipi wewe fedha za pakiti wala za ndoo, na tafadhali, ukituandikia barua ya malalamiko, usituwekee hesabu za nauli.

Yapo malalamiko mengine ambayo hata ukija na pakiti, risiti na shahidi, hayahusiani na mbegu.

La kwanza ni maua kupukutika. Dar es Salaam ya Januari na Februari usiku ni joto kama mchana, na nyanya usiku ukibaki juu ya nyuzi 24 hivi chavua inashindwa kazi, ua linakauka kikonyo na kudondoka. Mtu anaona mti mzuri, majani mapana, matunda hakuna, anasema kauziwa dume. Nyanya haina dume. Otesha kwa hesabu ya maua yachanue wakati wa kipupwe, Juni hadi Agosti, kisha ndiyo uje tuzungumze.

Pili ni "rasta". Majani ya juu yakijikunja na kudumaa, hicho ni kirusi kilicholetwa na nzi weupe. Dawa ya ukungu haikiponyi. Ng'oa, na ile miche midogo ifunike kwa chandarua chenye matundu madogo sana tangu siku ya kwanza.

Tatu, kitako cheusi. Tunda linaoza chini likiwa bado kijani. Kwenye ndoo hili ni la kawaida mno, maana udongo ni mdogo: leo umekauka, kesho umefurika, na kalisiamu inayosafiri na maji haifiki kwenye tunda kwa wakati. Mwagilia kidogo kila siku. Ndoo ya lita ishirini mti mmoja, si mitatu. Na kama umenunua Money Maker, jua ni aina inayorefuka na itataka mti wa kuegemea. Cal J na Roma ni fupi, zinavumilia ndoo.

Halafu chotara. Nasikia tena na tena kwamba mbegu za F1, yaani kizazi cha kwanza cha wazazi wa aina mbili tofauti, "zimefungwa", ukizikamua na kuzipanda hazioti. Zinaota vizuri tu. Kinachotokea ni watoto kutofautiana, mmoja mrefu, mwingine tunda dogo, mwingine hana kinga ya ugonjwa aliyokuwa nayo mzazi. Nyanya uliyokamua kutoka sokoni ikikupa miti minne ya sura nne, hakuna aliyekudhulumu. Ukitaka kukamua mbegu zako, anza na aina isiyo chotara kama Tengeru 97 au Tanya, zilizotoka kwa watafiti wetu wa Tengeru, Arusha. Na wala hakuna mkaguzi atakayekugongea mlango kwa mbegu za kupanda nyumbani kwako. Sheria tunayoisimamia ni ya biashara ya mbegu. Ukianza kuzifunga na kuziuza mtandaoni, hapo tutaonana.

Mbegu zenye rangi, nyekundu au bluu, zimepakwa dawa. Usizioshe "kuondoa kemikali", usiweke pakiti kabati moja na viungo vya pilau, na nawa mikono.

La mwisho ni mbegu zinazotumwa kwenye bahasha na ndugu walioko Ulaya au Ghuba. Nia ni njema, lakini mbegu haivuki mpaka bila kibali cha kuingiza na cheti cha afya ya mimea, hata iwe punje ishirini. Kuna kirusi cha nyanya kiitwacho ToBRFV, kilichobainika Israeli na Jordan katikati ya muongo uliopita, ambacho husafiri juu ya mbegu na huambukizwa hata kwa mikono, nguo na visu. Bahasha moja ya barazani Sinza inaweza kufika mashamba ya nyanya ya Kilolo, Iringa, kwa njia ya mche wa zawadi. Shughulika na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA, kabla ndugu hajaenda posta.

Tunachopokea mezani ni pakiti yenye lebo, risiti, mbegu zilizobaki na tarehe ya kupanda. Picha za simu pia tunaziangalia. Mbegu zilizokwisha ingia udongoni hatuzipimi, kwa hiyo ndoo, tafadhali, iacheni nyumbani.