Anza na boriti: kujenga mji wa Waswahili ndani ya gemu

Watu wakisikia natengeneza modi, yaani nyongeza, ya majengo ya Waswahili wa kale kwa 0 A.D., gemu ya kompyuta ya kujenga miji na kupigana vita vya zama za kale, swali huwa ni lile lile, je Fort Jesus iko? Haiko, na upande wa Waswahili haitakuweko. Ile ngome ilianza kujengwa 1593 na Wareno, mchoro ni wa Muitaliano Giovanni Battista Cairati, sasa mtu anacheza Mombasa ya 1350 umpe jengo la wale waliokuja kumpiga kweli? Ikiingia itakuwa ya adui. Na zile roshani za mbao za Mji wa Kale pia zimekaa nje, pamoja na milango mikubwa ya nakshi yenye misumari ya shaba, manake nyingi tunazoziona leo ni za karne ya 19 na kuendelea. Nazipenda sana, lakini si za wakati huo. Gemu yenyewe inaishia mwaka 500 hivi, modi yangu naivuta mbele mpaka 1500.

Basi ukitoa vitu vyote ambavyo macho yashazoea, waanzia wapi? Mimi naanza na boriti. Boriti ya mkoko ndiyo inayobeba dari, na dari ya nyumba ya mawe ni mzigo mzito, mawe na chokaa juu ya chokaa, kwa hivyo fundi wa zamani hawezi kutanua chumba anavyotaka. Ukiingia kwenye magofu ya Gedi au Jumba la Mtwana pale Mtwapa utaona vyumba vyembamba virefu, upana ni mita 2.5 mpaka 3 hivi, vimepangwa kimoja nyuma ya kingine kutoka kiwanda, yaani ua wa ndani ya nyumba, hadi vyumba vya ndani kabisa. Hiyo ndiyo sheria ya nyumba yote. Kwa hivyo kwenye Blender, programu ya kuchorea majengo ya gemu, kipimo changu cha msingi si ukuta wala mlango, ni upana wa chumba kimoja cha boriti, nyumba ndogo ni vyumba viwili, ya tajiri ni vinne vitano na kiwanda katikati, na ukifanya hivyo ukubwa wa majengo unakubaliana wenyewe bila kukisia. Nimeona modeli nyingi za watu wengine ambazo ni kasri la jangwani limepakwa rangi nyeupe, ukumbi mpana mita 10 na dari tambarare haina hata nguzo moja. Dari kama hiyo ingeshuka.

Msikiti nao ndio hivyo hivyo, nguzo zimejaa ndani kwa sababu boriti hazifiki, na misikiti mingine ya zamani mstari wa nguzo unapita katikati kabisa mpaka unaziba mihrabu ukiwa umesimama nyuma. Najua kamera ya gemu haiingii ndani, lakini urefu na upana wa jengo unatoka humo humo.

Sasa kwa juu utaujuaje msikiti? Wachezaji wanataka mnara na kuba. Misikiti ya kale ya pwani yetu mingi haina mnara, ule wa Mandhry wa Mji wa Kale, Mombasa, ambao wasema ni wa 1570 ndio huo mnara wake wa kuchongoka, na kwa kipindi changu ushachelewa. Kuba ziko Kilwa, kwenye sehemu ya Msikiti Mkuu iliyoongezwa karne ya 14, lakini hilo lilikuwa jambo la mji uliojaa dhahabu ya Sofala, bandari ya kusini, si la kila kijiji. Alama nnayotumia ni mihrabu, ile inayotokeza nje ya ukuta wa kibla, halafu pembeni naweka kisima na birika la kutawadhia. Na kibla kwetu ni jambo tamu sana kwa mtu wa modi: longitudo ya Mombasa ni kama 39.7 na ya Makka kama 39.8, yaani Makka iko kaskazini yetu karibu moja kwa moja. Kwa hivyo msikiti kwenye modi yangu haugeuzwi, mchezaji anaweza kuzungusha nyumba na soko atakavyo lakini msikiti unaelekea kaskazini, na mji wake taratibu utaanza kujipanga kuufuata. Kuna waliolalamika kwamba nimewabana. Nimeuacha hivyo hivyo.

Jambo lingine nnalolishikilia ni mbao. Gemu ina awamu tatu, kijiji, mji mdogo halafu mji mkubwa, na mazoea ya wengi ni kuifanya ya kwanza ionekane ya kimaskini, vibanda vimepinda pinda. Msafiri Ibn Battuta alipita hapa Mombasa 1331 na akasema misikiti yetu ni ya mbao na imejengwa kwa ustadi. Ustadi! Na kule Shanga, kisiwani Pate, mwanaakiolojia Mark Horton alichimba miaka ya 80 akakuta msikiti juu ya msikiti mahali pale pale, wa chini kabisa ni wa miti, wa karne ya 8, na ule wa mawe umekuja baadaye juu yake. Kwa hivyo awamu yangu ya kwanza ina nyumba za fito na udongo zilizonyooka, makuti yamekatwa sawa, na msikiti ukipanda awamu haubomolewi ukahamishwa, mawe yanapanda pale pale mbao zilipokuwa.

Bei za kujenga pia nimezibadilisha. Kawaida nyumba ya mawe ingekula mawe tu, lakini chokaa yetu yatoka kwa matumbawe yaliyochomwa juu ya lundo la magogo, kuni nyingi mno, kwa hivyo nyumba ya mawe kwenye modi inakula mbao kushinda ile ya makuti. Mchezaji asiyelinda mikoko yake hajengi mji. Na matumbawe ni ya aina mbili, yale ya mwamba wa nchi kavu ya kujengea kuta, na yale yanayokatwa baharini yangali mabichi na laini, hayo ndiyo ya kuchonga mihrabu, fremu za milango na zidaka, vile vishubaka vya ukutani, kisha yakikauka yanakuwa magumu.

Rangi: nyeupe. Wengi wanapiga picha magofu wanatoa tekscha, ile picha ya kuvisha kuta za modeli, ya kijivu yenye kuvu, lakini hayo ni magofu, kuta zilipigwa lipu ya chokaa. Duarte Barbosa, Mreno aliyeandika mwanzoni mwa karne ya 16, aliisifu Mombasa kwa nyumba zake ndefu za mawe na chokaa. Rangi ya mchezaji, ile inayoonyesha jengo ni la nani, naiweka kwenye vitambaa, na sioni taabu, Kilwa walisokota pamba yao wenyewe.

Jengo la ajabu la kumalizia gemu ni Husuni Kubwa ya Kilwa, kasri la Sultan al-Hasan ibn Sulaiman lenye vyumba zaidi ya 100 na lile birika la pembe nane juu ya bahari. Hilo bado naling'ang'ania, poligoni, vile vipande vinavyounda modeli, ni nyingi mno na kompyuta za kawaida zinalemewa.

Lililokwisha ni kaburi la nguzo, kama lile la Mambrui lenye bakuli za Kichina zilizopachikwa juu. Bakuli nimezifanya kwa tekscha tu, kutoka juu huoni tofauti, na kazi yake kwenye gemu ni kushika mipaka: ukilijenga, eneo lako linapanuka na adui akiteka kipande hicho kinarudi kwako haraka zaidi, kwa sababu wazee wako wamezikwa hapo. Toleo lijalo nataka lishughulike na visima.