ARV hazijamletea TB jamani, acheni kuzisimamisha

Wiki hii tena. Shangazi kamleta mgonjwa CTC, kliniki ya wenye VVU, hapa Moshi, ananiambia, "Dokta, kwenye dawa za TB alikuwa anaendelea vizuri, mlivyompa ARV ndo shingo ikavimba hivi, tumeziacha." Hii hadithi naijua mwanzo mwisho, inabadilikaga tezi tu, leo shingoni kesho kwapani.

Mengine nayapitia haraka maana mnayajua. Makrofaji, seli za kinga za kumeza wadudu, zinammeza mdudu wa TB, CD4, seli za kinga zinazoongoza wenzake, zinaleta interferoni (kemikali ya kinga) ya kuzipa makali, wote wanamzungushia ukuta, ndo granuloma. Watu kibao TB imelala humo miaka na hawaumwi. VVU inamaliza CD4, ukuta unalegea, na TB nayo inaamsha CD4 ambamo ndo virusi vinapenda kuzaliana. Twende.

Kinachonichosha ni hiki: uvimbe, usaha, mashimo kwenye mapafu, sehemu kubwa ni kazi ya kinga yenyewe sio mdudu. Ndo maana mwenye CD4 chini ya 50 anaweza kuwa na TB mwili mzima na eksirei ikaja karibu safi, makohozi hayaonyeshi kitu, ndugu wanasema hana TB. Sasa mpe ARV, ndani ya wiki chache virusi vinashuka, CD4 zinarudi, zinakuta wadudu kila kona mpaka waliokwisha kufa, zinavamia bila kuuliza. Ni kama yowe la mwizi kihambani usiku, watu wanatoka na mapanga, mwizi anakamatwa kweli ila na migomba imelala chini. Hiyo tunaita IRIS, mara nyingi inakuja ndani ya miezi 3 ya kwanza. Kwahiyo shangazi, ile tezi ni kinga inarudi kazini, ukisimamisha ARV unairudisha likizo na virusi vinapanda upya.

Tunaendelea na dawa zote mbili, ikizidi tunaongeza prednisolone, steroidi ya kupoza kinga. TB ya ubongo tu ndo ARV tunachelewesha wiki 4 mpaka 8, maana ndani ya fuvu hakuna nafasi ya kuvimba.

Ila nisiwadanganye, IRIS haina kipimo chake. Unaipata kwa kuondoa mengine: dawa anameza kweli? Ni TB sugu? GeneXpert, kipimo cha kusaka DNA ya TB, inaokota hata ya wadudu waliokufa, so ikisema ipo haijakwambia kama wadudu bado wako hai, na usugu inaonyesha wa rifampicin, sio wa dawa zote, kuotesha wadudu maabara kunachukua wiki kadhaa, na mgonjwa anahitaji steroidi leo, na kama ni TB sugu hiyo steroidi nimeifungulia njia. Mi hapo naangalia kama kabla ya ARV alishaanza kuongezeka kilo, homa ilishakata, na kama virusi vimeshuka. Vyote vikiwa ndiyo naegemea IRIS, naandika prednisolone, na simu ya maabara naiweka karibu.