Jenerali Asiyeonekana Pichani

Kwenye kijiwe cha kahawa pale Kijenge, Arusha, bado husikika hoja kwamba mateso ya wafungwa wa gereza la Abu Ghraib nchini Iraki, yaliyofichuliwa kwa picha mwaka 2004, yalikuwa kosa la askari wa Marekani wa vyeo vya chini tu, kwa kuwa hakuna jenerali aliyeonekana pichani akimgusa mfungwa. Hoja hiyo si sahihi kisheria, na inashangaza kuisikia katika mji huu. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, iliyoketi hapa Arusha katika majengo ya AICC, kituo cha mikutano ya kimataifa, iliongozwa na ibara ya 6 ya sheria yake, inayomtia hatiani mkubwa aliyejua, au aliyekuwa na sababu ya kujua, kwamba walio chini yake wanatenda uhalifu, naye asichukue hatua zinazostahili za kuwazuia au kuwaadhibu. Mwaka 2011 majaji wa rufaa walitengua uamuzi kwamba Kanali Théoneste Bagosora wa jeshi la Rwanda, aliyeshtakiwa kwa mauaji ya kimbari ya mwaka 1994, alitoa amri ya uhalifu. Hata hivyo walimfunga miaka 35, kwa sababu hakuuzuia.

Kwa Abu Ghraib, askari mmoja alifungwa miaka 10, ilhali brigedia jenerali aliyesimamia walinzi wa gereza alishushwa tu kuwa kanali. Huo, kwa maoni yangu, ni udhaifu wa waliopaswa kushtaki, wala si pengo la sheria.