Wafuasi elfu hamsini hawauzi nyumba

Madalali wengi wanaamini kwamba ukurasa wa mtandao wa kijamii wenye wafuasi wengi ndio unaouza nyumba haraka. Si kweli. Nyumba si viatu. Anayeitafuta nyumba hii unayoiuza ni mtu mmoja tu, na huenda akanunua mara moja maishani. Waliobaki wamekuja kutazama jiko zuri, wakabonyeza moyo, wakapita zao.

Kinachomleta mnunuzi ni taarifa. Tazama tangazo lililozoeleka: "Nyumba kali, vyumba vitatu, bei poa, njoo inboksi." Bei haipo, eneo halipo, hati haikutajwa. Dalali atashinda akijibu "bei gani?" mpaka kidole kimuume, na mwenye pesa keshaondoka. Andika bei, ukubwa wa kiwanja kwa mita za mraba, aina ya hati, maji yanatoka wapi, na kama barabara inapitika mvua ikinyesha. Watakaouliza watapungua, lakini watakuwa wanunuzi kweli.

Picha nazo zina ujanja wake. Lenzi pana hugeuza sebule ya mita tatu kuwa ukumbi. Mteja akifika anahisi ametapeliwa, hata kama bei ni ya haki. Bora video ya simu, dakika moja, mchana, ukitembea kutoka getini hadi uani bila kukatiza. Uoneshe hata ule ufa ukutani (atauona tu).

Matangazo ya kulipia yanasaidia, ila baada ya hayo yote. Ukiyatanguliza, umelipa ili watu wengi zaidi waje kuuliza bei gani.