Kituo cha Maduka Mtaani: Hesabu ya Kufanya Kabla ya Kununua Tofali

Kila msimu wa kiinua mgongo hapa Tabora, fremu mpya, yaani vyumba vya maduka vya kupangisha, huchipuka. Mwalimu anastaafu, mtumishi wa reli anastaafu, na kabla mwaka haujaisha ukuta wa mbele wa nyumba umevunjwa, zimesimama fremu nne au tano zenye milango ya chuma inayofanana. Pita Ipuli, pita Cheyo, zungukia Isevya hadi Kiloleni. Kuna fremu zenye watu tangu alfajiri, na hatua chache kutoka hapo kuna nyingine zina kufuli lililoshika kutu na tangazo la "Inapangishwa" lililofifia kwa jua. Mimi ni mthamini wa mali na mkufunzi wa masuala ya ardhi, na hizo zenye kufuli ndizo zinazonisukuma kuandika. Pesa iliyolala pale ni jasho la miaka thelathini la mtu ambaye hatapokea mshahara mwingine.

Ninalotaka wananchi wenzangu walishike ni hili: jengo la maduka linaanza na mpangaji, tofali linafuata.

Ninaposema kituo cha maduka cha mtaa, ninamaanisha kundi la maduka kwenye kiwanja kimoja, chini ya usimamizi mmoja, linalowahudumia watu wanaofika kwa miguu, kwa baiskeli au kwa bodaboda ya bei ya chini. Wanafuata mahitaji ya kila siku: unga, mafuta ya kula, sabuni, nyama, dawa, kutoa pesa kwenye simu, kunyoa, kushona, kutoa fotokopi. Marekani vituo vya namna hii hujengwa kuzunguka supamaketi, ambayo ndiyo inayowavuta watu, na maduka madogo yanafaidika na wateja wake. Kwetu nguzo hiyo imeshaonekana kuwa haitegemeki. Supamaketi za Shoprite zilijiondoa Tanzania mwaka 2014 na maduka yake yakauzwa kwa supamaketi za Nakumatt. Supamaketi za Uchumi zikafunga mwaka 2015. Nakumatt yenyewe ikaporomoka miaka michache baadaye. Hata Mlimani City, kituo kikubwa cha maduka cha Dar es Salaam, kilichofunguliwa mwaka 2006, kiliguswa na mabadiliko hayo. Anayechora ramani ya jengo lake Tabora akisubiri supamaketi yenye jina kubwa ije impangishe, anaweka jengo lote mikononi mwa mtu ambaye hajafika.

Nguzo ya mtaa wetu ni duka la mangi, yaani muuza rejareja wa mtaani, mwenye mtaji wa kutosha, anayefungua saa kumi na mbili asubuhi na kufunga saa nne usiku. Ni bucha safi. Ni duka la dawa. Ni wakala wa pesa asiyeishiwa salio wala fedha taslimu. Na kuna mmoja ambaye wengi wanamsahau: mashine ya kusaga na kukoboa. Mama akileta debe la mahindi anasubiri zamu yake, na akisubiri ananunua chumvi, anatuma pesa kwa mwanawe aliye shule, anampeleka mdogo wake kunyoa. Mashine ina vumbi na kelele, kwa hiyo ikae nyuma ya kiwanja, mbali na duka la dawa na mbali na chakula, lakini isikosekane.

Wapangaji watatu wa aina hii wakipatikana, hao wengine watakutafuta wenyewe. Ndiyo maana ushauri wangu, ambao wenye majengo wengi huupokea kwa mashaka, ni kuwapa wapangaji nguzo nafasi nzuri zaidi kwa kodi nafuu kidogo kuliko ambavyo ungeweza kudai. Faida yako itatoka kwa saluni, fundi cherehani na duka la vipodozi walio kati yao. Kumpangisha yeyote anayetangulia kuleta pesa kunazaa safu ya saluni tano zinazogombania vichwa vilevile, na ndani ya mwaka tatu zimefungwa.

Sasa, utajuaje kama mtaa unabeba kituo? Hesabu watu. Kaa kwenye kiwanja unachokitamani asubuhi, mchana na jioni, siku ya kazi na siku ya mapumziko, na daftari mkononi. Andika wanaopita kwa miguu, baiskeli na bodaboda, na wanaelekea upande gani. Manunuzi mengi ya nyumbani hufanywa jioni, mtu akirudi kutoka kazini au sokoni. Kwa kuwa sisi tunaendesha kushoto, jengo lililo kushoto mwa anayerudi nyumbani humwezesha kusimama bila kuvuka barabara. Kisha muulize mwenyekiti wa mtaa idadi ya kaya. Sensa ya 2022 ilionyesha wastani wa kitaifa wa watu 4.3 kwa kaya, hivyo kaya 600 ni takriban watu 2,600. Halafu tembelea maduka yaliyopo. Wakazi wa mtaa tayari wananunua mahali fulani, na wewe unatakiwa kueleza kwa nini watahama kuja kwako.

Hesabu inayofuata ni ya mfuko wa mpangaji, na hii ndiyo hasa hairukwi. Chukua mfano wa duka la rejareja linalouza shilingi 150,000 kwa siku. Kwa mwezi ni milioni 4.5. Kama kwenye kila shilingi 100 anabaki na 10, faida yake kabla ya gharama ni 450,000. Toa umeme, msaidizi, usafiri wa mzigo, leseni na kodi za Serikali, tuseme 200,000. Zimebaki 250,000 za kulipa fremu na kulisha familia. Kodi ya 80,000 anaimudu. Ukimtoza 150,000 atakulipa miezi sita ya kwanza kutoka kwenye mtaji wake, rafu zitaanza kupwaya, wateja wataona, na mwezi wa saba utakuta mlango uko wazi na ndani hamna kitu. Kodi ya juu haina maana kama imetoka kwenye mtaji wa mpangaji. Kilemba, ile pesa ya kuingilia fremu inayodaiwa mbali na kodi, nacho ni hivyohivyo: kila shilingi unayompokonya mlangoni ni bidhaa ambayo haitakuwepo rafuni.

Tuje kwa mwenye jengo. Tarakimu hizi ni za mfano, weka za kwako. Umejenga fremu kumi, na kiwanja pamoja na ujenzi vimekula milioni 95. Kila fremu inapangishwa kwa 80,000, kwa hiyo unajiambia utavuna milioni 9.6 kwa mwaka. Lakini mbili hazina mtu, zimebaki 7,680,000. Mlinzi wa 100,000 kwa mwezi anachukua milioni 1.2. Usafi, taa za nje, rangi, bati lililong'olewa na upepo, bima na kodi ya pango la ardhi vinachukua 1,080,000. Pato halisi ni milioni 5.4, chini ya asilimia 6 ya ulichoweka, na utahitaji zaidi ya miaka 17 kurudisha pesa yako. Linganisha na hati fungani ya Serikali ya miaka 25 (unaikopesha Serikali nayo inakulipa riba), ambayo mwaka 2022 Benki Kuu iliitangaza kwa riba ya asilimia 12.56 kwa mwaka, bila mlinzi wala bati. Ni kweli kwamba kodi inaweza kupanda na kiwanja kikaongezeka thamani, wakati riba ya hati ile haibadiliki. Hata hivyo, mstaafu anayehitaji kula mwaka huu lazima aitazame tofauti hiyo.

Mfano wa pili: fremu sita tu, kubwa kidogo, zenye maji na wapangaji waliochaguliwa mapema, kwa gharama ya milioni 65. Wastani wa kodi ni 130,000, kwa kuwa kila mpangaji pale anauza zaidi. Ukipoteza kodi ya fremu moja kwa miezi miwili, makusanyo ni milioni 9.1. Toa gharama za 1,950,000, unabaki na 7,150,000. Hiyo ni asilimia 11. Fremu zimepungua, pato limekua.

Mkopo unahitaji tahadhari ya peke yake. Riba za mikopo ya benki nchini zimekuwa zikizunguka asilimia 15 kwa mwaka. Ukikopa milioni 50 kati ya zile 95 za mfano wa kwanza, riba ya mwaka wa kwanza pekee ni milioni 7.5, na jengo linaingiza 5.4. Tofauti utaitoa kwenye pensheni. Ndugu zangu, msiweke nyumba mnayoishi kuwa dhamana ya fremu ambazo bado hazina wapangaji. Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka ridhaa ya mwenzi kabla ya nyumba ya familia kuwekwa rehani, na ridhaa hiyo isiwe ya kusainishwa tu. Mkae mpige hesabu pamoja.

Kwa wengi, njia bora ni kuungana. Majirani sita wanaojenga kila mmoja fremu tatu kwenye ukuta wake wanapata fremu 18 zilizotawanyika, hazina choo cha wateja wala mahali pa kuegesha. Wakiungana kwenye kiwanja kimoja cha kona, chini ya kampuni iliyosajiliwa BRELA, wakala wa usajili wa kampuni, au ushirika, hati ikiwa kwa jina la chombo hicho, hisa zimeandikwa na utaratibu wa mtu kujitoa au kurithiwa umekubaliwa tangu mwanzo, wanapata kituo kimoja chenye nguvu. Undugu na ujirani mwema havitoshi kuwa mkataba. Andikeni.

Upande wa ardhi nitasema machache kwa kuwa ofisi ya ardhi ya Manispaa ipo na inahudumia. Hakikisha hati inaruhusu biashara. Kama imeandikwa makazi pekee, omba mabadiliko ya matumizi kabla ya kibali cha ujenzi. Tafuta taarifa rasmi ya umiliki kabla hujalipa, na usitosheke na karatasi ya mauziano iliyogongwa muhuri wa mtaa. Pima hifadhi ya barabara: kwa barabara kuu na za mkoa, Sheria ya Barabara ya 2007 na kanuni zake zinatenga mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara. Fremu iliyochorwa X nyekundu, alama ya kubomolewa, haina thamani ya kukopea, hata kama imejaa wapangaji. Ongea pia na Zimamoto wakati mchoro bado uko kwenye karatasi.

Ujenzi wenyewe uzingatie hali ya hewa yetu. Jua la Septemba na Oktoba linaunguza, na fremu inayotazama magharibi bila kibaraza mchana inakuwa tanuri. Dawa nyingi zimeandikwa zihifadhiwe chini ya nyuzi 30, kwa hiyo duka la dawa lisilo na dari na hewa ya kutosha halitakaa kwako. Jenga kibaraza kipana kinachounganisha milango yote, mteja atembee kivulini kutoka bucha hadi kwa wakala. Mvua inaanza Novemba, hivyo msingi na paa vikamilike kabla. Maji ya Ziwa Victoria yameshafika mjini: vuta bomba, weka tangi la akiba, jenga choo cha wateja. Kila fremu iwe na mita yake ya LUKU, yaani ya umeme wa kulipia kabla, maana ugomvi wa umeme huvunja upangaji haraka kuliko ugomvi wa kodi. Kodi ya majengo siku hizi inakatwa kupitia LUKU, basi andikeni kwenye mkataba nani ataibeba.

Mkataba huo uwe wa maandishi na ulipiwe ushuru wa stempu. Mpangaji mfanyabiashara ana wajibu wa kuzuia asilimia 10 ya kodi ya pango na kuiwasilisha kwa Mamlaka ya Mapato (TRA), na ugomvi mwingi unazuka kwa sababu mwenye jengo alidhani kiasi walichokubaliana ni cha mkononi. Semeni mapema. Kuhusu muda wa malipo, huku kwetu pesa ina misimu. Masoko ya tumbaku yakifunguka katikati ya mwaka, fedha kutoka Urambo, Kaliua, Sikonge na Uyui zinaingia mjini na kila duka linachangamka. Miezi ya kilimo mifuko inakauka, na vyuo vikifunga, maduka yaliyo karibu navyo yanapoa. Mwenye jengo anayedai kodi ya miezi sita mwezi Januari anamkaba mpangaji mahali pabaya. Panga malipo makubwa yaangukie msimu wa mavuno, na miezi migumu alipe kwa mwezi au miezi mitatu.

Jambo la mwisho ni kumbukumbu. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na mimi hukutana na hilo kila ninapoitwa kuthamini jengo la maduka kwa ajili ya kuuza, kugawa mirathi au kukopa. Jengo la biashara hulithamini kwa pato linaloingiza, nikiangalia mikataba hai, stakabadhi za kodi, miezi ambayo fremu zilikaa tupu na gharama halisi za matunzo. Mwenye jengo asiye na karatasi hizo ananilazimisha nikadirie kwa tahadhari, na tahadhari yangu inamkata yeye bei. Tunza faili moja kwa kila fremu: mkataba, stakabadhi za malipo, picha za hali ya jengo mpangaji alipoingia na alipotoka, na kumbukumbu za matengenezo. Unapomwita mthamini, hakikisha amesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wathamini iliyoundwa kwa sheria ya 2016, na umkabidhi mafaili hayo kabla hajaanza kupima kuta.