Ufasaha ni maziwa yaliyoenguliwa povu

Juzi nimekaa kwenye kahawa hapa Mikindani, vijana wanapokezana simu yenye kipande cha mdahalo wa wagombea urais wa nchi jirani. Mgombea anamwaga maneno hata mate hamezi, takwimu juu ya takwimu, katikati anatema ung'eng'e. Mwendesha mdahalo akijaribu kumkatiza, yeye anapandisha sauti. Kijana mwenye simu akanigeukia: "Mjomba, huyu bwana fasaha balaa!"

Nikamuuliza: kaulizwa bei ya unga, kajibu nini? Wakatazamana. Ikabidi wairudishe nyuma wasikilize upya.

Si yeye peke yake. Kila ikifika midahalo, neno hili hugawiwa kama njugu za harusini, na anayepata nyingi ni yule asiyenyamaza. Ufasaha ni usemi safi, ulio wazi, unaoeleweka bila msikilizaji kuhangaika. Basi. Kasi haimo, sauti kubwa haimo, na maneno mazito ya kutisha watu ndiyo kwanza yanauharibu.

Neno limetoka kwenye Kiarabu, na huko Waarabu wa kale walilitumia hata kwa maziwa. Maziwa yakikamuliwa hujaa povu juu. Povu likiondoka, yakabaki yenyewe, huitwa maziwa fasihi. Ndiyo, fasihi hiyohiyo tuliyofanyia mtihani shuleni. Baadaye wakalihamishia kwenye ulimi: msemaji fasihi ni yule ambaye maneno yake hayana povu, unachokiona kikombeni ndicho utakachokunywa. Kinachonichekesha ni kwamba sisi povu tunalijua vizuri. Mtu akifoka mtandaoni tunasema anatokwa povu. Ila povu hilohilo likimtoka aliyevaa suti na tai mbele ya kamera, tunaliita ufasaha.

Wengine hudhani fasaha ndiyo sanifu. Hapana. Usanifu ni mambo ya kamati: 1930 iliundwa kamati ya lugha ya Afrika Mashariki, Kiunguja kikiwa kimeshachaguliwa kuwa msingi, tahajia zikapangwa. Ufasaha haungoji kamati. Mwaka fulani nilikuwa kwenye mkutano wa chama cha msingi, msimu wa korosho, wakubwa wameshahutubia saa nzima. Akasimama bibi mmoja, lafudhi ya Kimakonde imekolea, karatasi ameikunja mkononi: "Mie nimeleta magunia kumi. Humu mmeandika manane. Mawili yako wapi?" Akakaa. Mezani wakaanza kupekua madaftari. Sijasikia Kiswahili fasaha kuliko hicho, na kwenye gwaride la usanifu angetolewa mapema.

Sasa lipo neno la pili, ambalo wapimaji wa midahalo wangelihitaji zaidi na karibu hawalitumii kabisa: balagha. Mzizi wake ni kufika, na ndio uliotupa kubaleghe, kufikia utu uzima. Wataalamu wa fani hiyo wanasema balagha ni maneno fasaha yanayolingana na hali ya msikilizaji. Kwa hiyo mwenye balagha lazima awe fasaha, lakini fasaha anaweza kukosa balagha. Maneno yake ni safi, ila hayafiki.

Mfano ulionyooka ni wa Marekani, Oktoba 1988. Michael Dukakis alipambana na George Bush mkubwa kwenye mdahalo wa urais, na swali la kwanza kutoka kwa mwendesha mdahalo, Bernard Shaw, lilikuwa hili: mkeo akibakwa na kuuawa, utataka muuaji anyongwe? Dukakis akajibu kwa utulivu kwamba hapana, maisha yake yote amepinga adhabu ya kifo, haoni ushahidi kuwa inazuia uhalifu, kisha akageukia vita dhidi ya dawa za kulevya. Jibu halina doa. Limeeleweka toka mwanzo hadi mwisho. Lakini ameulizwa habari za mkewe, naye anajibu kama karani anayesoma waraka. Ufasaha upo, balagha hakuna, na watu wakamwona mtu baridi.

Miaka minne baadaye Bush naye yakamkuta. Mwanamke kwenye hadhira anauliza deni la taifa limewagusaje wao wagombea binafsi, kamera ikamnasa Bush akichungulia saa. Mpinzani wake, Bill Clinton, alipopewa zamu alimsogelea yule mama na kumuuliza limemgusaje yeye. Hakuwa ameeleza sera yoyote bado, lakini alikuwa ameshafika.

Kwetu Kusini tulikuwa na Mzee Mkapa wa Lupaso. Kabla ya urais alishahariri magazeti, na kwangu mimi alisema kama mhariri: sentensi imepimwa, mbwembwe zimekatwa. Wapo waliomwona mkavu. Nawaelewa, lakini wanaposema hakuwa fasaha, wanadai balagha kwa jina lisilo lake.

Kijana wangu wa Mikindani alirudisha kile kipande mara mbili. Unga haukutajwa.

"Basi, mjomba, tuseme anajua kuongea?"

"Kuongea anajua," nikamwambia. "Hapo sina ugomvi."