Neno "inadvertently": dhana potofu na ukweli

Wanafunzi wengi wa Kiingereza hukutana na inadvertently kwenye barua ya ofisi au taarifa ya habari, wakaambiwa maana yake ni "kwa bahati mbaya", wakaiandika daftarini na kufunga mjadala. Tafsiri hiyo huwafaa kwa muda, kisha huanza kuwaangusha.

Dhana: Inadvertently ni "kwa bahati mbaya".

Ukweli: Bahati haimo kabisa ndani yake. Asili ya neno ni kitenzi cha Kilatini advertere, yaani kugeukia au kuelekeza kitu upande fulani, na in- ya mwanzo inakanusha. Atendaye hivyo ni mtu ambaye akili yake haikuwa pale. Kiswahili kina kughafilika, na mtaani tunasema "nilipitiwa". Umemtumia bosi meseji ya mchumba: umepitiwa, na I inadvertently sent it to my boss inakaa sawasawa. Mti ukiangukia gari lako lililoegeshwa, hiyo ndiyo bahati mbaya, na inadvertently haina nafasi kwa kuwa hakuna aliyeghafilika. Advertise nalo limetoka kwenye mzizi huohuo: kazi ya tangazo ni kugeuza macho ya watu.

Wapo wanaokimbilia by bad luck. Ukisema by bad luck I broke your plate, mwenye sahani ataelewa, ila atamsikia mtu anayelalamikia bahati yake badala ya kuomba radhi.

Dhana: By accident hutumika kwa mabaya tu.

Ukweli: Ajali za barabarani ndizo zimetupotosha. By accident ni bila kupangwa, liwe jema au baya. Mwaka 1928 Alexander Fleming alirudi kutoka likizo kwenye maabara yake katika hospitali ya St Mary's, London, akakuta kuvu imeota kwenye kisahani cha bakteria na bakteria waliokuwa karibu nayo wametoweka. Huo ukawa mwanzo wa penisilini, na Waingereza husema aliigundua by accident.

By mistake ni jirani yake tu, kwa sababu mara nyingi ndani yake kuna kudhania: umechukua mwavuli wa mwenzako ukiamini ni wako. Wamarekani, hasa vijana, siku hizi husema on accident kwa kufuata on purpose. Kwenye mtihani andika by accident.

Dhana: Usipoweka accidentally, utaeleweka kuwa ulikusudia.

Ukweli: Hapa ndipo Kiswahili chetu kinatuchezea. Sisi hali ya kutokusudia tunaibeba ndani ya kitenzi: kikombe kimevunjika, sahani imenidondoka, nimevunjika mguu. Mwingereza husema I broke my leg. Ukiipokea neno kwa neno unapata "nimevunja mguu wangu", kana kwamba alishika nyundo akaugonga mwenyewe! Kwao hakuna anayeshtuka. I dropped my phone, I lost my keys, I cut my finger: zote hueleweka kuwa hazikukusudiwa, na ukisema I accidentally broke my leg watu watajiuliza kama kuna wanaovunja makusudi. Kielezi kinadaiwa pale ambapo kitendo hufanywa kwa hiari pia, kama kufuta picha au kumkatia mtu simu. I deleted your photos bila kielezi ni kutafuta ugomvi.

Dhana: Neno refu ndilo la adabu zaidi.

Ukweli: Ukimkanyaga mtu kwenye daladala, sema sorry, I didn't mean to. Inadvertently ni la ripoti, barua na mahakama. Ofisi zinalipenda mno: your name was inadvertently omitted. Jina limeachwa, aliyeliacha hatajwi. Mimi nikiliona kwenye barua ya namna hiyo husoma mara ya pili.

Dhana: Kama hukukusudia, huna kosa.

Ukweli: Unintentionally inaeleza nia, haifuti tendo. Kuua bila kukusudia ni kosa la jinai katika kifungu cha 195 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania na cha 202 cha ile ya Kenya. Hata kwenye soka, mpira ukimgusa mshambuliaji mkononi ukaingia moja kwa moja golini, bao linakataliwa ingawa hakukusudia. Sheria yenyewe inasema even if accidental.

Kuhusu tahajia, ni -tently, si -tantly kama wengi wanavyoandika. Mkazo wa sauti unaangukia ver.